Tiketi moja au mbili: Nani hubeba hasara abiria anapokosa ndege ya kuunganisha?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTANZANIA anayekwenda Chennai kwa matibabu, Guangzhou kwa biashara au Toronto kwa masomo huuliza kwanza bei ya tiketi, kisha muda wa safari. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye gharama kubwa mambo yanapoharibika, huulizwa mara chache: ikiwa ndege ya kwanza itachelewa na ya pili ikaondoka, ni nani mwenye wajibu wa kumfikisha abiria mwisho wa safari yake?

Swali hilo lina uzito kwa sababu sehemu kubwa ya safari ndefu kutoka nchini hupitia katika vitovu vya usafiri wa anga vya nje. Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) imefungua njia za moja kwa moja kwenda Mumbai, Guangzhou na Dubai, na Jengo la Tatu la Abiria katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Hata hivyo, kwa miji iliyo mingi duniani, abiria wetu bado hubadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Nairobi au Amsterdam.

Sababu yake ni hesabu tu. Kuiunganisha miji 50 kwa safari za moja kwa moja baina ya kila mji na mwingine kunahitaji njia 1,225. Miji hiyo hiyo ikiunganishwa kupitia kitovu kimoja, njia 50 zinatosha. Ndiyo maana ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Doha haibebi watu wa Doha peke yao. Ndani yake wamo wa Manchester, wa Kuala Lumpur na wa Houston, na hakuna hata kundi moja kati ya hayo ambalo lingejaza ndege yake lenyewe kila siku. Ili mpango huo ufanye kazi, shirika hupanga ndege zake zitue kwa mawimbi: makumi ya ndege huwasili katika kipindi cha saa chache, abiria na mizigo hubadilishana, kisha ndege zote huondoka. Aliyefika baada ya wimbi kupita huenda akasubiri nusu siku au hadi kesho yake.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana wazi usiku wa tarehe 23 Juni 2025. Qatar ilifunga anga lake kwa saa kadhaa kutokana na shambulio la makombora ya Iran dhidi ya kambi ya kijeshi ya Al Udeid. Ndege zaidi ya 90 za Qatar Airways, zikiwa na abiria zaidi ya 20,000, zililazimika kugeuzwa na kutua katika viwanja vya nchi nyingine, wakati maelfu ya abiria wengine wakiwa tayari Doha wakisubiri kuunganisha safari. Mwaka uliotangulia, tarehe 16 Aprili 2024, ilikuwa zamu ya Dubai, ambako mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949 iliifunika njia ya kurukia ndege kwa maji. Emirates ilifuta safari nyingi, na mizigo ipatayo 30,000 ikabaki nyuma bila wenyewe.

Katika matukio ya namna hiyo, abiria wawili waliokaa viti vinavyopakana wanaweza kujikuta katika hali mbili tofauti kabisa. Wa kwanza ana tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Chennai. Shirika lililomuuzia tiketi limeahidi kumfikisha Chennai, si kumfikisha Doha tu. Kwa hiyo, kwa utaratibu wa kawaida wa mashirika ya huduma kamili, humpangia ndege nyingine bila kumtoza nauli mpya, au humrudishia fedha yake iwapo safari imeshindikana. Wa pili alinunua tiketi ya kwenda Doha kwa shirika moja na ya kutoka Doha kwenda Chennai kwa shirika jingine, pengine akaokoa fedha kidogo. Shirika la kwanza litasema limetimiza wajibu wake litakapomfikisha Doha, hata kama ni kwa kuchelewa. Shirika la pili litamhesabu kuwa abiria aliyekosa kufika. Na hapa ndipo wengi hushtuka: asipofika kwa kipande cha kwenda, kwa kawaida vipande vyote vilivyobaki katika tiketi hiyo ya pili hufutwa, hata kile cha kurudia nyumbani.

Wengi hudhani kuwa ziada inayolipwa kwa shirika la huduma kamili ni ya chakula, blanketi na filamu. Kwa maoni ya mwandishi, hivyo ni vitu vidogo. Kitu kikubwa kinachonunuliwa ni kuhamisha hatari ya kukosa ndege ya kuunganisha kutoka kwa abiria kwenda kwa shirika. Anayegawa safari yake katika tiketi mbili anairudisha hatari hiyo mabegani mwake mwenyewe. Si kosa kufanya hivyo, ilimradi ajue, na aache nafasi ya siku nzima kati ya ndege hizo mbili badala ya saa mbili.

Tatizo ni kwamba wapo wanaogawanyiwa safari bila kujua. Baadhi ya tovuti na mawakala huunganisha tiketi za mashirika yasiyo na makubaliano yoyote baina yao, wakaziweka katika karatasi moja yenye bei moja, na abiria akaamini ana safari moja. Uhakiki wake ni rahisi. Namba ya tiketi ya ndege huwa na tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian Airlines, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 235 ni Turkish Airlines, 074 ni KLM, 706 ni Kenya Airways. Vipande vyote vya safari vikiwa chini ya namba moja, hiyo ni tiketi moja, hata kama ndege ya mwisho ni ya shirika jingine. (Safari yenye vipande zaidi ya vinne hupewa namba zinazofuatana, hilo lisimtie mtu wasiwasi.) Zikionekana namba mbili zenye mianzo tofauti, wakala aulizwe kabla ya malipo, na majibu yake yawe kwa maandishi.

Ushahidi mwingine hupatikana kaunta, siku ya safari. Lebo inayofungwa kwenye begi huandikwa herufi tatu za kiwanja cha mwisho: MAA kwa Chennai, CAN kwa Guangzhou. Ikiandikwa DOH kwa mtu anayekwenda Chennai, maana yake begi litashushwa Doha na mwenyewe atatakiwa kulichukua. Kulichukua ni kupita uhamiaji, na kupita uhamiaji ni kuingia nchini humo kwa masharti ya viza ya nchi hiyo. Wapo waliozuiwa kupanda ndege hapa nyumbani kwa sababu hiyo tu. Isipokuwa ieleweke kwamba zipo nchi ambazo abiria huchukua begi lake katika kiwanja cha kwanza cha kuingilia hata akiwa na tiketi moja, kwa ajili ya forodha. Marekani ni mojawapo, na India hufanya hivyo kwa anayeunganisha na ndege ya ndani.

Suala la viza ya kupita nalo halitabiriki kwa kubahatisha. Uingereza imewaweka raia wa Tanzania katika orodha ya wanaohitaji viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya eneo la kusubiria ndege, ingawa kuna misamaha, kwa mfano kwa wenye viza halali za Marekani au Canada. Marekani yenyewe haina utaratibu wa kupita bila kuingia. Raia wa Tanzania anayebadilisha ndege huko anahitaji viza. Abiria wa matibabu wanapaswa pia kujua kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu unadhibiti dawa zenye kodeini na tramado, hata zile zilizoandikwa na daktari, na hutaka kibali kabla ya safari kwa anayeingia nazo. Kwa anayerejea nyumbani, Tanzania hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri aliyepitia kiwanja cha nchi yenye hatari ya ugonjwa huo kwa zaidi ya saa 12, jambo linalowagusa wanaolala Nairobi au Addis Ababa wakisubiri ndege ya asubuhi.

Kwa upande wa sheria, abiria wa Tanzania hana mikono mitupu. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Mkataba huo hulinda safari ya kwenda na kurudi inayoanzia na kuishia nchini kwa kupitia nchi nyingine, hata kama nchi hiyo ya kati si mwanachama. Viwango vya juu vya fidia vilipandishwa kuanzia tarehe 28 Desemba 2024: kwa mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, kikomo ni 1,519 za SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani, kwa abiria aliyecheleweshwa, kikomo ni SDR 6,303, zaidi ya dola 8,000.

Viwango hivyo ni dari, si malipo ya moja kwa moja. Abiria hulipwa hasara anayoweza kuithibitisha, na shirika huepuka dhima ya ucheleweshaji likionesha kuwa lilichukua hatua zote zilizostahili, utetezi ambao ni rahisi kuutoa pale anga linapofungwa kwa sababu ya makombora. Safari ikihusisha mashirika yanayofuatana chini ya mkataba mmoja, dai la ucheleweshaji wa abiria hupelekwa kwa shirika lililokuwa linaendesha kipande kilichochelewa. Kwa mizigo mlango ni mpana zaidi: abiria anaweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake. Mwenye vitu vya thamani kubwa kuliko kikomo hicho anaweza kutoa tamko maalumu kaunta wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada ikitakiwa. Bila tamko hilo, kikomo hubaki pale pale.

Lipo jambo moja lisilopendeza kulitaja, lakini linagusa mnyororo huu wa tiketi. Tarehe 13 Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka ATCL katika orodha yake ya usalama wa anga, na Juni 2025 ikazijumuisha kampuni zote za ndege zilizoidhinishwa nchini. ATCL haikuwa na safari za Ulaya wakati huo, hivyo wapo waliosema uamuzi huo hautugusi. Unatugusa. Sheria za Ulaya humtaka anayeuza safari inayoanzia huko kumweleza abiria ni kampuni gani itaendesha kila kipande, na humpa abiria haki ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa njia pale kampuni hiyo inapoingizwa katika orodha. Mtalii wa Frankfurt au Mtanzania aishiye Stockholm anayeelekea Mwanza anaweza kuuziwa safari inayokoma Dar es Salaam, na kipande cha mwisho akakinunua mwenyewe kwa tiketi ya pili. Hasara ya kuchelewa iliyokuwa ya shirika kubwa inakuwa ya kwake, na sifa mbaya inakuwa yetu. Orodha hiyo hupitiwa upya mara kwa mara, na kinachoiondoa nchi humo ni matokeo ya ukaguzi wa usimamizi wa usalama, si matamko.

Mwananchi wa Mwanza, Mbeya au Kigoma anayeanzia safari nyumbani aione Dar es Salaam nayo kuwa kitovu. Mwenye tiketi ya ndani iliyonunuliwa kando atachukua begi lake, atahama kutoka jengo moja la abiria kwenda jingine, na atapanga foleni upya. Ukungu wa asubuhi au hitilafu ya ndege katika kipande hicho kifupi humgharimu safari nzima ya nje. Afadhali kulala Dar es Salaam usiku mmoja.

Mzigo usipoonekana, taarifa itolewe kwenye kaunta ya mizigo kabla ya kutoka ukumbini, na abiria aondoke na nakala yenye namba ya kumbukumbu. Malalamiko ya maandishi kwa shirika yana ukomo: siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo uliochelewa. Mzigo usiofika baada ya siku 21 huruhusiwa kudaiwa kama uliopotea. Stakabadhi za nguo na dawa zilizonunuliwa wakati wa kusubiri zitunzwe. Shirika lisipojibu au likijibu isivyoridhisha, mlalamikaji anaweza kupeleka suala lake Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), akiambatisha tiketi, lebo ya begi na barua aliyoliandikia shirika. Aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam anaweza kufungua shauri katika mahakama za hapa nchini, kwa kuwa mwisho wa safari yake kisheria ni Dar es Salaam, na haki hiyo hukoma miaka miwili baada ya siku aliyofika au aliyopaswa kufika.