Kutia arki ya hopsi kwenye bia si kuchakachua

Kuna neno moja linalorushwa hovyo siku hizi kwenye mikusanyiko yetu huku ughaibuni, nalo ni "kuchakachua". Mtu amepika bia yake nyumbani, iwe Manchester au Minneapolis. Ameionja akaona imepooza, haina uchungu wa kutosha. Anachukua kichupa cha arki ya hopsi, anapima kidogo, anatia, anakoroga. Basi hapo hapo anatokea mjuzi mmoja na kutangaza kwamba bia hiyo imechakachuliwa, eti bia ya kweli ni ile iliyochemshwa na maua ya hopsi tu, na ikikosewa ndiyo imekosewa.

Mimi nasema hapana. Tena nasema wanaotoa hukumu hiyo hawajui bia inapata wapi uchungu wake, na wamesahau hata pombe za nyumbani kwao zilivyokuwa zikipikwa.

Tuanze na hopsi yenyewe kwa faida ya wasioifahamu. Hopsi ni mmea unaotambaa, na sehemu inayotumika ni maua yake ya kijani yanayofanana na vitumba. Ndani ya maua hayo kuna unga wa manjano wenye utomvu, na ndani ya utomvu kuna vitu vinavyoitwa asidi za alfa. Hizo zenyewe hazitii uchungu wa maana kwenye bia. Ni mpaka zichemshwe na maji matamu ya kimea kwa muda mrefu, ndipo zinageuka umbo, zinayeyuka na kuleta ule uchungu tunaoujua. Kipimo chake ni IBU, na IBU moja ni takriban miligramu moja ya asidi hizo zilizogeuka katika lita moja ya bia. Bia nyingi nyepesi za Marekani hazifiki 15. Zile zinazoitwa IPA huenda 40, 60 na zaidi.

Arki ya hopsi ni nini basi? Ni utomvu ule ule uliotolewa kwenye maua ili usibebe majani. Kiwandani wanachukua hewa ya kaboni dayoksaidi, wanaigandamiza kwa nguvu mpaka inakuwa kama maji, wanaipitisha kwenye hopsi iliyosagwa, inabeba utomvu. Wakiilegeza, hewa inaruka yenyewe na kinachobaki ni uji mzito wenye rangi ya asali. Njia kama hiyo ndiyo inayotumika kutoa kafeini kwenye kahawa. Anayekunywa kahawa ya namna hiyo kila asubuhi halafu anapiga kelele za "kemikali" akiona kichupa cha arki, ajiulize vizuri.

Mama zetu wanatia arki ya vanila kwenye keki tangu sisi wadogo. Hatujasikia mtu akikataa kipande cha keki kwa sababu hakikupikwa na maganda ya vanila yenyewe.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. Anayepika bia nyumbani hana maabara. Ananunua pakiti ya hopsi, anasoma asilimia ya asidi za alfa iliyoandikwa, anapiga hesabu, anachemsha saa nzima. Kwa kawaida ni kama robo tu ya asidi hizo inayofika kwenye glasi, wakati mwingine zaidi kidogo. Nyingine inabaki kwenye masimbi, nyingine inashikwa na hamira, nyingine inapanda na povu. Hopsi nazo hazilingani. Saaz ya Czech inaweza kuwa na asidi asilimia 3 au 4, Magnum ya Ujerumani ikawa na 12 au 14. Aina hiyo hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka kufuatana na mavuno. Ikikaa kwenye kabati lenye joto nguvu inapungua, wakati maandishi ya kwenye pakiti hayabadiliki.

Kuna jambo lingine ambalo wenzetu wengi hawalifikirii. Mtu ameishi London miaka kumi, kanuni yake ya bia ameikamilisha. Anarudi Nairobi, anatumia kanuni ile ile, bia inatoka laini kuliko alivyozoea, na wa kwanza kulaumiwa ni maji. Lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Kwa joto hilo zile asidi zinageuka polepole zaidi, kwa hiyo saa moja ya Nairobi si saa moja ya London. Jamaa zetu walioko Denver, Marekani, wanakutana na jambo hilo hilo.

Katika hali hiyo unamwambia nini mtu mwenye lita 20 za bia iliyokwisha kuchacha, nzuri kwa kila kitu ila uchungu umepungua? Amwage? Amwage fedha aliyoitafuta kwa kubeba maboksi wiki nzima, kwa sababu tu mjuzi mmoja anataka kuona maua? Huo ni utawa usiokuwa na maana. Hao Wajerumani, ambao amri yao ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu, viwanda vyao leo vinatumia arki ya hopsi. Sheria yao inawabana isiwe ile iliyogeuzwa tayari kiwandani, lakini utomvu uliokamuliwa wanauchemsha bila aibu. Sisi tumekuwa Wajerumani kuliko Wajerumani?

Tena turudi Kilimanjaro. Mbege ya Wachaga ni ndizi na ulezi, lakini uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Gome hilo linachemshwa, na mpishi anatazama, anaonja, anajua likizidi pombe itakataliwa na likipungua itakuwa uji wa ndizi. Kurekebisha uchungu kwa kitu kilichotolewa kwenye mmea hatukufundishwa na Mzungu. Tofauti ni kwamba bibi alipima kwa ulimi na uzoefu wa miaka, na wewe unapima kwa bomba la sindano lenye alama za mililita.

Hata hivyo, lazima tuwe wa kweli. Najua hofu ya neno "kutia kitu kwenye pombe" inatoka wapi. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, watu zaidi ya 80 walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine walipofuka. Familia nyingi bado zina kidonda hicho. Kwa hiyo mtu akimwona mwenzake anamimina matone kutoka kwenye kichupa, moyo unashtuka, na ana haki ya kushtuka.

Lakini waliouawa hawakuuawa na kipimo kilichosomwa. Waliuawa na kitu kilichofichwa, kilichotiwa na mtu aliyetaka fedha ya haraka, asiyekunywa alichouza. Huko ndiko kuchakachua. Anayenunua arki ya chakula kwenye duka la vifaa vya kutengeneza bia, akasoma karatasi yake, akapima, akaonja mwenyewe kwanza, kisha akawaambia wageni wake ametia nini, huyo hajachakachua kitu. Mpaka uko kwenye uwazi na kipimo. Haupo kwenye swali la ua au arki.

Na hapa nawageukia wanaotumia arki, maana nao wana makosa yao. La kwanza ni kutojua kwamba ziko za aina mbili. Ule uji mzito wa kawaida ni lazima uchemshwe. Ukiutia kwenye bia iliyokwisha kuchacha hauyeyuki, unaganda kwenye kuta za ndoo na uchungu huupati. Ya pili ni ile iliyokwisha geuzwa kiwandani, ambayo ni majimaji, na hiyo ndiyo ya kurekebishia bia mwishoni. Soma karatasi kabla ya kulipa.

La pili ni kumimina kwa macho. Arki ya asilimia 30 ina takriban miligramu 300 katika mililita moja. Mililita hiyo moja tu kwenye lita 20 inapandisha uchungu kwa IBU 12 hadi 15. Ukitia kijiko kizima cha chai umekwisha, kwa sababu hakuna arki ya kuondoa uchungu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Njia ya uhakika ni hii. Changanya mililita moja ya arki na mililita 99 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha panga glasi nne za bia yako, kila moja mililita 300. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili tia nusu mililita ya mchanganyiko, ya tatu mililita moja, ya nne moja na nusu. Hapo umeongeza IBU 5, 10 na 15. Waite watu wawili watatu waonje bila kuwaambia ipi ni ipi. Wakichagua ya tatu, basi lita 20 zinahitaji miligramu 200, yaani karibu mililita 0.7 ya arki halisi. Anza na pungufu kidogo, koroga taratibu usiingize hewa, onja tena kesho yake.

La tatu ni kutegemea arki ifanye kila kitu. Arki ya uchungu inaleta uchungu tu, haileti harufu. Ile harufu ya maua, ya machungwa au ya majani mabichi inatoka kwenye mafuta ya hopsi ambayo huruka yakichemshwa sana. Ukiitaka, tumia maua mwishoni mwa kuchemsha au baada ya hapo. Na bia iliyoharibika kwa ndoo chafu haiponi kwa arki. Utapata bia mbovu yenye uchungu.

Mwisho, sheria. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na 200 kwa yenye wawili au zaidi. Majimbo ya Alabama na Mississippi yalikuwa ya mwisho kuruhusu, mwaka 2013. Ruhusa hiyo ni ya kunywa nyumbani na wenzako, si ya kuuza. Wapo wanaouza chupa kwenye sherehe zetu kimya kimya. Hao wanatafuta matatizo, wengine kwa makaratasi ambayo bado hayajakaa sawa. Na ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wasijaribu kabisa, huko kupika pombe nyumbani kunaweza kukupeleka jela.

Kwa hiyo, siku nyingine ukikaribishwa bia ya nyumbani, usiulize kama ina maua au arki. Muulize mwenyeji ametia nini na kiasi gani. Akijibu bila kusita, pokea glasi. Akianza kuzungukazunguka, omba soda.