Bunia: Kutoka Saio mpaka hospitali, njia ni fupi lakini saa zinapotea

Kwa bwana na bibi wanaongojea mtoto katika mtaa wa Saio, mjini Bunia, siku za mwisho za mimba zinaleta maswali yaleyale: uchungu ukianza usiku, nani atatubeba? Tukifika hospitalini, tutaombwa feza ngapi mbele ya kupokelewa? Mtu anaweza kufikiri kwamba hayo ni mambo ya nyumba moja. Kumbe ni mambo ya usalama, ya siasa na ya feza za serikali, na jibu lake linaamua kama mama na mtoto watarudi nyumbani wote wawili wakiwa wazima.

Saio haiko porini. Ni mtaa wa ndani ya mji mkuu wa jimbo la Ituri, na Bunia ina Hospitali kuu ya rufaa, ina Centre Médical Évangélique ambayo wakaaji wanaiita tu CME, na ina vituo vya afya katika mitaa mbalimbali. Ndiyo maana tukisikia habari ya mama aliyekufa akizaa, mawazo yetu yanakwenda moja kwa moja kwenye vijiji vya Djugu, Irumu au Mambasa, kule ambako mgonjwa anabebwa kwa mguu siku nzima. Lakini kuishi karibu na hospitali hakutoshi, na hesabu za nchi nzima zinaonyesha hivyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 kuhusu afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba katika RDC, karibu watoto 80 kwa 100 walizaliwa ndani ya kituo cha afya au hospitali. Wakati huo Kenya na Tanzania zilikuwa chini ya hapo. Hata hivyo, uchunguzi uleule ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima, wakati uchunguzi wa Kenya wa 2014 ulihesabu 362. Yaani mama wa Congo hakatai kuzalia hospitalini. Anakwenda, ila mara nyingi anafika akiwa amechelewa, au anafika mapema na anangojea hapohapo mlangoni.

Hali bado ni nzito. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba katika mwaka wa 2023 wanawake 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya mimba au uzazi. Karibu 19,000 kati yao walikuwa wa RDC, maana yake kama 7 kwa kila 100.

Tangu 1994, wataalamu wa afya ya uzazi wanatumia maelezo ya watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, ambao waligawa kuchelewa huko katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Tukizifuata sehemu hizo kuanzia Saio, tunaona kwamba ile ya tatu ndiyo inayozaa ile ya kwanza.

Nani anasema «twende»?

Uchungu wa mtoto wa kwanza unaweza kuchukua nusu siku na zaidi. Kwa hiyo familia nyingi zinasema: tungojee kukuche. Mara nyingi hakuna ubaya, na mama anafika asubuhi akiwa bado na wakati. Lakini kuna alama ambazo hazingojei asubuhi: damu kutoka, kifafa cha mimba, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, maji kupasuka muda mrefu bila uchungu kuendelea, au mkono wa mtoto kutangulia. Na baada ya mtoto kutoka, mama anayepoteza damu nyingi anaweza kufa katika muda wa saa mbili tu asipotibiwa.

Sasa nani anaamua? Katika nyumba nyingi ni bwana, au mama mkwe, kwa sababu mwenye kushika feza ndiye anayesema neno la mwisho. Kama bwana yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, au amekwenda kununua samaki Tchomia au Kasenyi, na simu yake haipatikani, mama anabaki amekaa. Sheria ya familia ya 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana wake kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Desturi ya kungojea neno la baba, hata kwa mambo ambayo sheria haikuyagusa, yenyewe haijaondoka.

Tusimhukumu bwana huyo haraka, kwani mara nyingi hakosi upendo. Anachohesabu kichwani ni fakitire. Akimpeleka bibi mapema na uchungu ukachukua siku mbili, atalipa siku mbili. Akingojea mpaka mtoto yuko karibu, atalipa kidogo. Ni hesabu ya mtu maskini, na inafanya kazi mpaka siku ambayo haifanyi.

Njia ya usiku

Magari ya wagonjwa ni machache. Kwa wakaaji wengi wa Bunia, ambulansi yao ni mototaksi: motari mbele, mama katikati, dada au bwana nyuma akimshika asianguke. Wakati wa mvua, barabara za udongo ndani ya mitaa zinageuka matope, na kila shimo mama analisikia mgongoni.

Usiku tabu inaongezeka. Motari anaogopa wezi wenye silaha, anaogopa doria, anaogopa kuulizwa maswali na kuombwa feza. Akikubali kutoka, bei inapanda. Tunaweza kumlaumu, lakini yeye pia ana watoto wanaomngojea.

Hofu hiyo ina historia. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, ile hali ambayo watu wanaiita état de siège, tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Katika mwezi wa kumi 2023 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba masharti yake yatalegezwa hatua kwa hatua. Lakini kutangaza ni jambo moja, na mtu wa Bunia kutoka nje saa nane ya usiku ni jambo lingine. Watu wa hapa wanakumbuka Nyankunde katika mwezi wa tisa 2002, wakati hospitali kubwa ya eneo lile ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa ndani yake. Wanakumbuka pia Drodro, katika Djugu, mwezi wa tatu 2024: watu wenye silaha waliingia hospitalini usiku, wakapora, na mgonjwa mmoja akauawa kitandani mwake. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) likasimamisha kazi zake pale.

Mambo kama hayo yanaumiza mji pia, hata kama risasi zinalia mbali. Hospitali ya kijijini ikifungwa, wagonjwa wake wanakuja Bunia. Familia zilizokimbia vita zinaishi katika kambi kama ile ya Kigonze au kwa ndugu zao mjini, na akina mama wao wanazalia katika vyumba vilevile vya uzazi ambavyo mama wa Saio anavitegemea. Mkunga mmoja anajikuta na mama wengi kuliko mikono yake. Na mkunga huyo, ili afike kwenye zamu ya usiku, anapita barabara zilezile za hofu.

Mlangoni

Jimbo la Ituri lina zone za afya 36. Mpango wake unaeleweka: uzazi wa kawaida unafanyikia kwenye kituo cha afya, na mama anayehitaji kupasuliwa au kuongezewa damu anatumwa kwenye hospitali kuu ya rufaa kwa karatasi ya transferi. Kwenye makaratasi ni mpango mzuri. Kwa bwana na bibi, transferi maana yake ni safari ya pili usiku uleule, na mlango wa pili wa kulipia.

Kila mtu anajua kinachofuata. Familia inapewa orodha: glavu, pamba, serum, uzi wa kushonea, dawa, pengine mafuta ya jenereta. Bwana anaondoka kutafuta duka la dawa lililo wazi, anapigia simu ndugu, anaomba mkopo kwa jirani. Muda wote huo mama yuko kitandani na saa inakwenda. Wauguzi wenyewe si wabaya. Wengi wanafanya kazi kwa mshahara mdogo au bila mshahara wa serikali, na feza inayolipwa na wagonjwa ndiyo inayonunua dawa ya kesho na kuwapa wao chakula.

Mtoto akizaliwa salama, fakitire inabaki. Katika nchi yetu, akina mama waliomaliza kuzaa na kushikiliwa hospitalini kwa sababu familia haijalipa ni habari ya zamani na ya mahali pengi. Mama analala siku nyingine, wiki nyingine, na deni linaongezeka.

Matokeo yake yanaonekana mtaani. Jirani aliyemwona mwenzake ameshikiliwa hivyo, yeye uchungu ukianza atangojea zaidi. Ndiyo maana haitoshi kuwaambia wanawake kwenye redio «nendeni hospitali mapema». Wanajua faida ya hospitali. Kinachowarudisha nyuma ni deni linalowangojea kwenye mlango wake.

Uzazi wa bure: ahadi na somo la jirani

Serikali inajua tatizo hilo. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2023, Rais Tshisekedi alizindua mjini Kinshasa mpango wa uzazi wa bure, ndani ya mpango mkubwa wa afya kwa wote (CSU). Mpango ulianzia mji mkuu, kisha ukaanza kupelekwa katika majimbo mengine kidogo kidogo. Kwa mzazi wa Saio swali ni la vitendo: je, kituo ambako ninafanya CPN kiko ndani ya mpango, na unalipa nini? Uzazi wa kawaida tu, au hata kupasuliwa, damu, na matibabu ya mtoto mchanga?

Jirani zetu wa Burundi wamepita njia hiyo. Tarehe 1 mwezi wa tano 2006, serikali yao ilifanya uzazi na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano kuwa bure. Akina mama walifurika hospitalini mara moja, kumbe ni feza iliyokuwa inawazuia. Lakini malipo ya serikali kwa hospitali yalichelewa, dawa zikaisha, wafanyakazi wakalemewa, na miaka ilipita mbele ya kupanga vizuri namna ya kulipa hospitali. Somo ni kwamba ubure usiotanguliwa na feza unageuka malipo ya siri. Na feza zimekuwa ngumu zaidi tangu mwezi wa kwanza 2025, wakati Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ambayo mashirika mengi ya huku mashariki yalikuwa yanaitegemea.

Nini kinaweza kufanyika bila kungojea Kinshasa?

Kwa upande wa njia, Tanzania imeonyesha jambo ambalo halihitaji kununua mamia ya magari. Mpango wake wa m-mama ulianza kama jaribio upande wa Sengerema na Shinyanga. Familia au kituo cha afya kinapiga simu ya bure, namba 115. Kama hakuna ambulansi karibu, anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa mbele, na akimfikisha mama hospitalini analipwa kwa M-Pesa. Dereva hajadiliani bei na mtu anayelia.

Bunia ina wamotari wenye vyama vyao, ina simu, ina watu waliozoea kutuma feza kwa simu. Ofisi ya liwali, meya wa mji na zone za afya wanaweza kuanza na mtaa mmoja au miwili: orodha ya motari na madereva wanaojulikana, namba moja ya kupigia usiku, na mfuko mdogo wa kuwalipa. Pamoja na hayo, agizo fupi la maandishi kwa polisi na jeshi: anayempeleka mama mwenye uchungu anapita bila kutoa hata franka moja, na fishi ya CPN ndiyo kibali chake. Utawala wa kijeshi una nguvu ya kutoa agizo kama hilo kwa siku moja.

Kwa upande wa mlango, hospitali zinaweza kutenganisha mambo mawili: matibabu ya dharura kwanza, hesabu baadaye, na deni kulipwa kwa awamu mama akiwa nyumbani. Ili hospitali isifilisike, jimbo linapaswa kuweka feza kwa ajili hiyo ndani ya bajeti yake, na wabunge wa jimbo wanapaswa kuulizwa zimewekwa ngapi.

Nyumbani pia kuna kazi. Bwana na bibi wakae pamoja tangu mwezi wa saba wa mimba: wachague kituo, waulize bei zote mbele, waweke feza kidogo kidogo, wamjue motari wa usiku, na wakubaliane kwa sauti mbele ya mama mkwe kwamba alama ya hatari ikionekana, bibi anaondoka hata kama bwana hayupo. Vikundi vya likelemba ambavyo akina mama wa mtaa wanavyo tayari vinaweza kutenga zamu ya kwanza kwa anayekaribia kuzaa.

Lakini likelemba haijengi barabara wala hailipi mkunga. Familia ikifanya yake yote, bado itasimama usiku mbele ya kizuizi cha barabarani na mbele ya mlango wa hospitali, na vitu hivyo viwili viko mikononi mwa viongozi.