Faraja Isiwe ya Mwenye Mega Tu



Baada ya mto Mulongwe kufurika mnamo Aprili 2020 na kubomoa nyumba nyingi za mji wetu wa Uvira, alinijia binti mmoja auzaye ndagala huko Kalundu. Hakuja kuomba unga wala blanketi. Alisema kwamba kila mvua inapoanza kupiga bati, yeye hukaa macho hadi kuche, akisikiliza kama maji yanakuja. Mtu mmoja aliyefika kuwahudumia waathirika alikuwa amempa shauri: apakue katika simu programu ya kutuliza nafsi, maana ni ya bure.

Bure! Simu ya kisasa haikuwa yake bali ya kaka yake, naye huondoka nayo asubuhi. Siku alipoipata, ilimbidi atafute faranga za kuchaji na faranga za mega. Programu ilipofunguka ilimsemesha kwa Kifaransa cha ofisini. Kisha, kabla ya neno lolote la faraja, ilimwuliza mambo ya siri ambayo majibu yake yangebaki ndani ya simu isiyo yake. Akaifuta. Nami naungama mbele yenu: nilimwambia azidi kusali, nikaishia hapo.

Tangu siku ile nimejiuliza: kitu cha bure kinamfikia nani? Jibu langu ni hili. Chombo cha kuituliza nafsi hakimfikii maskini kwa sababu tu kimewekwa bure katika intaneti. Kinamfikia pale kinapotumiwa na wengi pamoja, kwa sauti, katika lugha yao, bila mega, na pakiwapo mtu wa kukaa nao.

Hilo limekwisha kujaribiwa. Kaskazini mwa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, palifanyika jaribio lililohusisha wanawake 694 waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Hakuna aliyetakiwa kuwa na simu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetayarisha mafunzo yaliyorekodiwa kwa sauti, pamoja na kitabu cha picha kwa wasiojua kusoma. Wanawake waliopangiwa mafunzo hayo waliketi katika vikundi vya hadi watu 30, mara 5, kila mara kwa muda wa saa 2 hivi, wakasikiliza rekodi kwa Kiarabu cha Juba. Walijifunza jinsi ya kuirudisha akili mahali mtu alipo hofu inapomchukua. Jinsi ya kulitambua wazo baya bila kulifuata. Na jinsi ya kuchagua hatua ndogo inayolingana na yale anayoyathamini. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wanawake waliopewa maandalizi mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi 3 baada ya mafunzo, dhiki ya nafsi ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Mtaniuliza: je, siri? Katika shirika letu neno likitamkwa asubuhi, jioni limefika Kavimvira. Swali hilo ni la haki. Lakini mafunzo yale hayamlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Anasikiliza, anafanya zoezi, anarudi nyumbani na yake moyoni. Hapo yanaishinda ile programu iliyomdai binti yetu siri zake mlangoni.

Nasi tuna njia zetu. Nyimbo za kwaya hupita kutoka simu hadi simu kwa kadi ya memori, bila mtu kununua mega. Tuna redio, tuna vipaza sauti, tuna kumbi za parokia. Tuna vijana wanaosema vizuri Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe na Kirundi. Kwa hiyo, mradi wowote ukija kwenu na programu ya afya ya akili, ulizeni mambo matatu kabla ya kupiga makofi. Inafanya kazi bila intaneti? Inasema kwa sauti, katika lugha ya mama auzaye sokoni? Nani atayashika majibu yetu? Asiyeweza kujibu arudi akajitayarishe.

Hata hivyo tusidanganyane. Rekodi si daktari. Anayesema anataka kufa, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachiwe kikundi wala simu. Asindikizwe siku ileile hadi kituo cha afya, na asiachwe peke yake njiani. Wala tusimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Tena, kuvuta pumzi kwa utulivu hakujengi nyumba iliyobomoka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani. Februari 2025 Bukavu ilianguka, na wengi wakakimbilia kwetu. Desemba mwaka uleule vita vikafika Uvira penyewe. Hofu ya watu wetu ina sababu zake, na wanaopaswa kuziondoa wasijifiche nyuma ya programu.

Lakini mtu hawezi kungoja amani ndipo alale. Kwa hiyo nawasihi: kabla mvua hazijarudi, kila kikundi cha vijana kichague wawili wanaojulikana kwa kutunza siri. Waende kwenye kituo cha afya kilicho karibu, waulize nani anaweza kuwaandaa na kuwapatia rekodi zilizokubaliwa na wataalamu. Gharama si kubwa: kadi moja ya memori, kipaza sauti kimoja, na alasiri moja kila juma.

Yule binti bado anauza ndagala. Nina deni kwake, na ningependa kulilipa kabla ya mvua ya kwanza kupiga bati lake.