Kizingiti Huwekwa na Mtu, si Kompyuta

Wako walimu na wanafunzi waaminio kwamba jambo likishahesabiwa na kompyuta halina haja ya kuulizwa tena. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Kompyuta huhesabu upesi wala haichoki, lakini huhesabu kile tu ilichoelekezwa kukihesabu. Nitatoa mfano kutoka kazi niifanyayo mwenyewe, yaani uchunguzi wa mifereji ya ioni.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba. Katika utando huo mna protini zilizo kama malango. Lango likifunguka, ioni za sodiamu, potasiamu au nyinginezo hupita, na mpito huo ni mkondo wa umeme. Mapigo ya moyo na mwendo wa misuli hutegemea malango hayo. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, wakifanya kazi Ujerumani, walichapisha rekodi za mkondo upitao katika mfereji mmoja mmoja wa msuli wa chura. Walitumia mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno, uliogandamizwa juu ya utando. Mwaka 1991 walipewa Tuzo ya Nobel. Mkondo wenyewe ni wa pikoampea chache tu, na pikoampea 1 ni ampea moja iliyogawanywa kwa milioni mara milioni. Hata hivyo, mkondo mdogo kiasi hicho ni sawa na ioni zipatazo milioni 6 kwa sekunde, ikiwa kila ioni ina chaji moja.

Rekodi ya mfereji mmoja huonekana kama mstari unaoruka ghafla lango likifunguka, na kurudi likifungwa. Lakini mstari huo hutetemeka daima kwa sababu ya vurugu za umeme. Kwa hiyo mtafiti huupitisha katika kichujio ili kuulainisha, kisha huiwekea programu kizingiti, aghalabu katika nusu ya kimo cha mruko. Mstari ukivuka kizingiti, programu huandika kwamba lango limefunguka. Ukirudi chini, huandika kwamba limefungwa.

Hapo ndipo ilipo hatari, na mwalimu aweza kuionyesha kwa chaki tu. Aandike ubaoni: 0 0 1 0 0 0 1 1 1 0 1 1 1 0 0, ambapo 0 ni lango lililofungwa na 1 ni lango lililo wazi. Lango limefunguka mara 3. Sasa wanafunzi wachukue kila tarakimu pamoja na jirani zake wawili, watafute wastani, kisha waweke kizingiti cha nusu. Wataona kwamba mfunguo wa kwanza umetoweka kabisa, na ile miwili iliyofuata imeungana ikawa mmoja mrefu wa nafasi 7. Mara 3 zimekuwa mara 1. Hakuna aliyekosea hesabu.

Katika maabara mambo ni hayo hayo. Kichujio kitumikacho sana, kikiwekwa kwenye mizunguko 1,000 kwa sekunde, huficha tukio lolote lisilofika takriban milisekunde 0.18. Ikiwa lango hukaa wazi kwa wastani wa milisekunde 1, basi katika kila mara 100 lifungukapo, mara 16 hivi hazitaonekana. Ikiwa hufungwa kwa wastani wa milisekunde 0.1 tu, basi 83 katika kila mapengo 100 yatapotea. Mwaka 1981 David Colquhoun na Bert Sakmann, kwa kutumia rekodi bora zaidi, walionyesha kwamba mifereji ya asetilikolini katika msuli wa chura hufungwa na kufunguka tena kwa muda mfupi mno. Kilichodhaniwa kuwa mfunguo mmoja kilikuwa aghalabu mifunguo kadhaa iliyofuatana.

Mimi mwenyewe nilinaswa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilimpelekea msimamizi wangu jedwali lililoonyesha kwamba dawa fulani hurefusha maradufu muda wa lango kuwa wazi. Aliniuliza jambo moja tu: kichujio kiliwekwaje siku ile? Nilifungua daftari nikaona kwamba siku ya dawa nilikuwa nimekishusha, kwa kuwa rekodi ilikuwa na vurugu nyingi. Nilipozichambua rekodi zote kwa kichujio kimoja, tofauti ilitoweka. Miezi minne nilikuwa nimejifunza tabia za kichujio changu, si za dawa. Lau msimamizi angenyamaza, yamkini daktari mahali fulani angeisoma habari ile na kuiamini.

Wengine watasema kwamba programu za siku hizi zimeliondoa tatizo hili. Ni kweli kwamba ziko mbinu za kukadiria matukio yaliyofichika. Tena mwaka 2020 ilichapishwa programu ya Deep-Channel, iliyofunzwa kutambua mifunguo yenyewe bila mtu kuweka kizingiti. Lakini hiyo nayo ilifunzwa kwa rekodi zilizotengenezwa na watu. Uamuzi wa mtu haukuondoka. Umehamia mahali pasipoonekana kwa urahisi, na hivyo wapaswa kuulizwa zaidi.

Sisemi tuzitupe programu hizi. Rekodi ya dakika chache yaweza kuwa na maelfu ya matukio, na kuyapima yote kwa rula ni kupoteza umri. Nasema mwanafunzi apime kwanza 20 kwa mkono wake, ndipo aikabidhi mashine yaliyobaki. Na kila aandikapo jibu, aandike kando yake kichujio na kizingiti alivyotumia. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Shule isiyo na kompyuta hata moja yaweza kulifundisha somo hili kesho asubuhi, kwa chaki na tarakimu 15.