Kadi ya Punguzo Haipunguzi Safari

Kuanzia Ifakara hadi Kiberege imeenea imani kwamba mtu wa kipato cha kawaida hawezi kutembelea hifadhi ya taifa mpaka ajiunge na kikundi chenye punguzo: alipe ada ya uanachama, apewe kadi, kisha angoje tangazo la safari ya Pasaka au Krismasi kwa "bei ya wanachama". Imani hiyo inauzika vizuri, ila hesabu yake ni mbovu. Punguzo hukatwa pale ambapo gharama ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Pale ilipo kubwa, haliguswi.

Tutazame Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, yenye kilomita za mraba 1,990 na lango kuu Mang'ula, kwenye barabara ileile inayopita Kiberege kuelekea Ifakara. Kwa viwango ambavyo shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, limekuwa likitoza, mtu mzima kutoka nje hulipa dola 30, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 5,000 kabla ya kodi. Hilo ndilo punguzo kubwa kuliko yote, na kinachotakiwa ni kitambulisho cha uraia tu. Kikundi kinachojisifu kwamba wanachama wake huingia kwa bei ya Kitanzania kinamuuzia mtu haki yake mwenyewe. Tuseme kimepata asilimia 20 zaidi (kwa hisani ya nani, hatuambiwi): ni shilingi 1,000 kwa kila mtu. Ada, fulana na mchango wa maandalizi vitakuwa vimeimeza mara kadhaa kabla basi halijawashwa.

Safari huwa ghali kwa nauli, malazi na chakula. Udzungwa hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo hakuna gari la kukodi la kuzunguka ndani, na mtu wa Kiberege anaweza kwenda asubuhi na kulala kwake jioni. Humo yamo maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170 hivi, na yumo mangabei wa Sanje, kima aliyetambuliwa na wanasayansi 1979 na asiyepatikana popote duniani nje ya milima ya Udzungwa. Lakini mtu huyohuyo hujibana mwaka mzima aende Serengeti, kwa kuwa kadi yake inataja punguzo la huko. Asilimia imemziba macho asizione kilomita. Wafanyabiashara wa burudani wanaujua udhaifu huu siku nyingi. Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja, na michezo ya ndani ililipiwa kando. Mteja huikumbuka bei ya mlangoni, mwenye duka huhesabu jumla.

Nitaambiwa kikundi hupunguza gharama kweli. Sikatai, ila tuseme inavyopungua. Basi la kukodi na mwongozaji ni gharama zisizokatwa vipande. Watu kumi wakichangia, kila mmoja hulipa kidogo. Huko ni kuchangiana, na wanakikoba au wanakwaya wanaofahamiana wanaweza kufanya hivyo bila kumlipa mtu ada ya mwaka. Wengine watasema bila kadi watu wasingetoka kabisa, maana aliyekwisha kulipa hujisikia vibaya asipokwenda. Huenda ni kweli, lakini humtoa lini? Pasaka huangukia masika, njia za mlimani zikiteleza na mpunga bado uko shambani, yaani mfuko wa mkulima wa Kilombero ukiwa mtupu kuliko wakati wowote. Kuanzia Juni mvua imekatika na mavuno yanaingia ndani. Mkulima angepanga mwenyewe, asingeichagua Aprili.

Hoja moja tu ya upande wa pili naiona nzito: kwamba hata hizo 5,000 ni nyingi kwa familia yenye watoto. Ni nyingi kweli, hasa kwa vijiji vinavyopakana na Udzungwa, ambavyo vilikuwa vikiokota kuni ndani ya hifadhi kwa siku maalumu mpaka zuio la 2011. Kama wapo wanaostahili kuingia bure, ni hao. Basi dai hilo lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa mbunge na kwa TANAPA yenyewe, kwa sababu hakuna kikundi cha safari chenye mamlaka ya kulijibu, hata kingeuza kadi ngapi.