Ndugu Aliyebadilishiwa Jina
Anayemtafuta nduguye aliyeasiliwa akiwa mchanga, awe Likoni, Kisauni au Changamwe mjini Mombasa, huanzia palepale: kwa mzee wa mtaa, kwa mkunga aliyekwisha kustaafu, na kwa kadi ya kliniki ambayo uzito wa mtoto bado unasomeka lakini jina la mama limeliwa na mende. Mtaani watu husema. Ofisini ndiko kugumu. Mahakama ikishatoa amri, mtoto huingizwa katika daftari la walioasiliwa, na kumbukumbu zinazoliunganisha na daftari la vizazi hazifunguliwi ovyo. Sharti mahakama iamuru. Sababu naielewa, wazazi walezi nao wanataka utulivu. Lakini ndugu wa damu, ambaye hakuulizwa wala hakutia sahihi popote, kwa nini ahesabiwe mgeni? Afadhali kafala ya Waislamu, yaani kumlea mtoto bila kumwasili, iliyotambuliwa na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022: humwachia mtoto jina la babake, na jina ndilo litafutikalo. Aliyepelekwa ng'ambo kabla serikali haijasitisha uasili wa wageni, Novemba 2014, ni shughuli nyingine kabisa. Huyo huenda akawa yeye ndiye wa kwanza kukutafuta.