Kompyuta Mpya, Betri ya Zamani



Muhula huu limezuka neno ambalo limewagawa watu wa shule yetu makundi mawili, nalo ni habari ya kompyuta mpakato zinazouzwa madukani kwa jina la "mpya, stoki ya zamani". Hizi ni mashine zilizotengenezwa miaka mitatu, minne au zaidi iliyopita, zisipate mnunuzi, zikakaa ghalani ndani ya maboksi yake. Na sasa zinauzwa kwa bei ya chini kuliko zile zilizotoka kiwandani mwaka huu. Wazazi wanaowatayarisha watoto wao kwa safari ya chuo kikuu huvutwa na bei hiyo, wala si ajabu. Lakini je, betri iliyolala ndani ya boksi miaka minne yaweza kuitwa mpya?

Kundi la kwanza lasema: ni mpya, kwa kuwa haijatumiwa. Kundi la pili lasema: betri hiyo imekwisha kufa, na asiyetaka hasara asiiguse mashine hiyo. Mimi naona makundi yote mawili yamepotoka. Umri wa betri una maana, tena maana kubwa. Lakini si sababu ya kuikataa mashine kabla ya kuipima. Ni sababu ya kuipima, na ya kupunguza bei.

Kwanza yafaa tujue betri hii ni kitu gani. Betri za kompyuta mpakato za siku hizi ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kuzivumbua. Ndani ya betri mna pande mbili, na katikati mna maji ya kemikali. Tukichaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, zikajificha ndani ya grafaiti, kitu kile kile kilichomo katika penseli zetu. Tukitumia mashine, chembe hizo hurudi zilikotoka.

Sasa jambo la kuangalia ni hili. Betri inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani, juu ya ile grafaiti hutanda ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo ina faida, maana huikinga grafaiti isiharibiwe na yale maji. Lakini haiachi kukua. Kila siku huongezeka unene kidogo, na kila inapoongezeka hula sehemu ya lithiamu, na lithiamu iliyoliwa hairudi tena kazini. Kazi hii haimngojei mtu awashe mashine. Huendelea ndani ya boksi, usiku na mchana, hata kama hakuna aliyelifungua.

Kwa hiyo betri ina umri wa namna mbili. Upo umri wa kazi, ambao huhesabiwa kwa mara ngapi imejazwa na kumalizwa. Na upo umri wa siku, ambao huhesabiwa tangu ilipotoka kiwandani. Wenzetu wa kundi la kwanza wameuona ule wa kazi tu. Wao nawauliza swali moja: mbegu ya mahindi iliyokaa ghalani misimu minne haijapandwa hata mara moja, lakini ni mkulima gani atakayeinunua kwa bei ya mbegu ya mwaka huu? Atauliza kwanza tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, kisha atauliza ilihifadhiwa wapi. Mnunuzi wa kompyuta naye aulize maswali yayo hayo mawili.

Hilo swali la pili, la mahali pa kuhifadhia, ndilo watu wengi hulisahau. Betri mbili zilizotengenezwa siku moja zaweza kuzeeka kwa kasi mbalimbali kabisa. Mambo yanayoziharakisha ni mawili: joto, na kujazwa chaji mpaka juu. Makadirio yanayotumiwa sana na watu wa kazi hii ni kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mmoja katika joto la nyuzi 25, ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na kiasi cha asilimia 96 za uwezo wake. Ikiwa imejaa kabisa, hubaki na asilimia 80. Katika joto la nyuzi 40, ile yenye chaji ya asilimia 40 hubaki na 85, na ile iliyojaa hubaki na 65 tu. Tazameni basi: mwaka ni ule ule mmoja, lakini betri moja imepoteza sehemu 4 katika 100, na nyingine imepoteza sehemu 35!

Sisi tunaokaa katika nchi za joto yatupasa kuzitazama hesabu hizo kwa makini. Katika miezi ya Januari na Februari, joto la mchana la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hupita nyuzi 30. Na ndani ya stoo ya mabati isiyopitisha hewa, au ndani ya kontena la chuma lililoachwa juani, joto hupanda zaidi ya hapo. Mashine iliyongojea mnunuzi mahali pa ubaridi, kwa mfano Mbeya, haikupata taabu ile ile. Hivyo mtu akikuambia tu kwamba mashine ina miaka mitatu, amekupa nusu ya habari.

Tena ipo hatari nyingine ya kukaa muda mrefu. Hata mashine iliyozimwa, betri yake huvuja chaji kidogo kidogo. Ikikaa miaka bila ya kuguswa yaweza kushuka mpaka chini ya kipimo cha usalama. Hapo kifaa kidogo cha ulinzi kilichomo ndani ya betri huweza kufunga njia ya umeme, na mashine ikakataa kabisa kuchaji. Ikishuka zaidi, hata bamba jembamba la shaba lililomo ndani yaweza kuanza kuyeyuka katika yale maji, na betri ikichajiwa tena yaweza kufanya shoti. Kwa sababu hii nawasihi wenzangu wapenda ufundi: betri iliyokufa namna hiyo msijaribu kuiamsha kwa nyaya na chaja za kubuni. Betri ya lithiamu ikishika moto ni kazi ngumu kuizima. Hata wasafirishaji wa ndege huiogopa: tangu Aprili mwaka 2016, betri za lithiamu za namna hii zinazosafirishwa peke yake kama mizigo ya ndege haziruhusiwi kuwa na chaji inayozidi asilimia 30.

Sasa niwageukie wenzetu wa kundi la pili, wanaosema kwamba mashine ya namna hii isiguswe. Nao wamepita kiasi. Ile ngozi niliyoitaja hukua upesi mwanzoni, kisha mwendo wake hupungua kadiri inavyokuwa nene. Kwa hiyo betri iliyopoteza kidogo katika mwaka wa kwanza haipotezi lazima kiasi kile kile kila mwaka unaofuata. Mashine iliyohifadhiwa mahali pa ubaridi, na chaji yake ikiwa ya wastani, yaweza kukaa miaka mitatu na bado ikafaa sana. Mzazi asiye na fedha nyingi akiambiwa aikatae bila ya kuipima, huenda akakosa mashine nzuri, akaishia kununua iliyotumika ofisini kwa miaka mitano, ambayo betri yake ina umri wa siku na umri wa kazi pia.

Wapo wengine wasemao, "Betri ya nini? Mimi nitaichomeka ukutani siku zote." Maneno haya hufaa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Lakini mwanafunzi aliye katikati ya kuandika insha yake, umeme ukikatika ghafula na betri haina nguvu, hupoteza kazi yote ambayo hajaihifadhi. Na yule ambaye nyumbani kwao hakuna umeme, akachaji shuleni ili akasome usiku, kwake betri ndiyo mashine yenyewe. Tufanye hesabu rahisi. Betri ya wati-saa 50, katika mashine inayotumia wati 10, humpa saa 5. Ikibaki na asilimia 80, humpa saa 4. Ikibaki na asilimia 65, humpa saa 3 na dakika 15. Karibu saa mbili za masomo kila usiku zimekwenda, na mzazi alilipa bei ya saa 5.

Tena wapo wasemao, "Ikiwa mbovu, nitanunua betri nyingine." Shauri jema, lakini na waangalie. Ikiwa mashine ni ya mtindo ambao kiwanda kimekwisha kuuacha, betri ya akiba yenye jina la kiwanda hicho huenda nayo imekaa ghalani miaka ile ile. Mtu akatoa betri ya miaka minne, akatia nyingine ya miaka minne! Na zile za bei ndogo sana nyingi ni za kuiga, ambazo nguvu zake hazilingani na maandishi yake. Kuuliza bei ya betri na mahali pa kuipata yapasa kufanywe kabla ya kununua mashine, si baada.

Basi mnunuzi afanyeje? Nashauri mambo haya, nayo hayahitaji elimu kubwa.

Kwanza, atafute tarehe ya kutengenezwa. Mashine nyingine zina kibandiko chini chenye tarehe. Nyingine zina namba yake ambayo kiwanda huweza kuitambua kwa njia ya intaneti.

Pili, aiwashe mashine pale pale dukani. Kununua boksi lililofungwa kwa kuwa tu limefungwa vizuri ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Katika mashine zenye Windows, hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa maneno haya: powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza taarifa, na ndani yake mna tarakimu za kutazamwa. Ya kwanza ni uwezo uliokusudiwa na kiwanda. Ya pili ni uwezo wa sasa betri ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, uzidishe kwa 100, utapata asilimia iliyobaki. Tarakimu ya tatu, kama mashine huiandika, ni idadi ya mara betri ilivyozungushwa kutoka kujaa hadi kwisha. Hiyo nayo ni shahidi mzuri: mashine inayoitwa mpya, ikaonyesha mizunguko 120, si mpya, na mwenye duka ana neno la kueleza.

Tatu, asiziamini tarakimu hizo peke yake, kwa maana betri ambayo haijafanya kazi huweza kuonyesha uwezo ule wa kiwandani mpaka itakapotumika. Aichomoe chaja, aitumie mashine nusu saa, aone asilimia ngapi zimeshuka. Zikishuka 10, ana tumaini la saa 5. Zikishuka 25, ana saa 2 tu. Papo hapo apapase pale pa kuongozea kidole na chini ya mashine: pakiwa pamevimba, airudishe bila ya mabishano.

Nne, aulize dhamana ya betri yaanza siku gani na yachukua miezi mingapi, kisha jibu liandikwe katika risiti. Maneno ya mdomo husahauliwa upesi.

Tano, apatane bei kwa haki. Betri ikionekana imepungua sana, bei ya betri nyingine na ujira wa fundi vitolewe katika bei ya mashine. Kama muuzaji hataki, na mashine nyingine zipo.

Kwa wenye maduka nina ombi moja. Hakuna aibu kuuza bidhaa ya zamani. Aibu ni kuficha. Aandike mwaka wa kutengenezwa juu ya boksi, na kila baada ya miezi michache aichaji mashine mpaka kama nusu, aiweke mahali penye ubaridi. Akifanya hivyo atauza kitu kizuri, naye atapata jina zuri. Wahenga wamesema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa wakubwa wetu wa shule nasema kwa heshima: chumba chetu cha kompyuta kitakaponunuliwa mashine nyingine, karatasi ya manunuzi itaje umri wa betri na uwezo wake kwa asilimia, kama itajavyo rangi na ukubwa. Mashine 20 zenye betri dhaifu ni hasara ya shule nzima, tena hasara isiyoonekana mpaka siku umeme ukatikapo wakati wa mtihani.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msiwaache wazazi waende dukani peke yao. Fedha ile imetokana na magunia ya mahindi, na mshahara wa miezi, na pengine mkopo wa chama. Sisi ndio tuliofundishwa kugawanya na kuzidisha. Kazi ya kuipima betri ni yetu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Aliye na maoni mengine na aandike, tuyasome katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano